Mmea wenye kiu: ukame unafanya nini ndani ya maharage na mihogo yetu



Katika toleo hili tunaleta somo la shamba. Pengine mtu atauliza: gazeti la amani linatafuta nini kwenye mistari ya maharage? Jibu letu ni fupi. Mwezi wa Oktoba 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu watu milioni 6.9 waliohama makwao ndani ya Kongo. Wengi wao ni wakulima, na wengi wanalima udongo usio wao, kwa ruhusa ya mtu mwingine. Mvua ikikatika, maharage yakikauka, maneno huanza: “Ametuloga.” “Amemwaga sumu.” “Wametunyima bonde kwa makusudi.” Tunajua wote kwamba mashitaka ya uchawi yameua watu katika jimbo letu, hasa wamama wazee. Kwa hiyo, mtu anayefahamu mmea unakufaje kwa kiu amekwisha kuzima moto mmoja kabla haujawaka.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili, kila msomaji aweze: (1) kueleza maji yanafanya kazi gani ndani ya mmea; (2) kutambua dalili za kiu na kuzitenga na dalili za ugonjwa; (3) kuandaa bila hatari mihogo iliyopita katika kiangazi kikali; (4) kusaidia mwenye shamba na mwenye kuazimwa kupatana kabla ya kupanda.

1. KAZI YA MAJI NDANI YA MMEA

Maji yana kazi nne. Kwanza, ni chombo cha safari: chumvi za udongo zinayeyuka ndani yake na kupanda kutoka mizizi hadi majani. Pili, yanausimamisha mmea. Jani halina mfupa. Linasimama kwa sababu limejaa maji, kama mpira unavyosimama kwa sababu umejaa hewa. Tatu, yanapoza. Jani linatoa jasho kama sisi, na jasho hilo linalizuia lisiungue kwa jua. Nne, ni sehemu ya chakula: jani linachukua maji, hewa ya kaboni na mwanga wa jua, linatengeneza sukari. Sukari hiyo ndiyo inageuka kuwa punje ya haragi na unga wa muhogo.

Tukumbuke jambo moja la kushangaza. Katika maji yote ambayo mizizi inanyonya, zaidi ya sehemu 90 kwa 100 hazibaki ndani ya mmea. Zinapita tu na kutoka katika majani kama mvuke. Kwa hiyo mmea haujazi maji mara moja kama pipa. Unahitaji kunywa kila siku, na siku ya jua kali na upepo unahitaji zaidi.

2. VINYWA VYA JANI

Ukigeuza jani upande wa chini, pale kuna matundu madogo mengi sana, yasiyoonekana kwa macho. Wataalamu wanayaita stomata. Sisi tutayaita vinywa. Kila kinywa kina midomo miwili. Midomo ikijaa maji, kinywa kinafunguka. Ikipungukiwa, kinafungwa.

Hapa ndipo shida ya mmea ilipo. Kinywa kile kile kinachotoa mvuke wa maji ndicho kinachoingiza hewa ya kaboni ya kutengenezea sukari. Mmea hauwezi kula bila kupoteza maji, na hauwezi kutunza maji bila kushinda njaa. Ni kama familia inayofunga mlango mchana kutwa kwa kuogopa wezi: wezi hawaingii, lakini hata anayeleta chakula haingii. Siku mbili tatu familia inavumilia. Majuma mawili, watoto wanaanza kukonda.

3. HATUA ZA KIU, MOJA KWA MOJA

Ukame hauui mmea kwa siku moja. Unapita hatua, na kila hatua ina dalili yake.

Hatua ya kwanza: kukua kunasimama. Kabla jani halijalegea, majani mapya yanazaliwa madogo, na shina halirefuki. Wengi wetu hatuioni hatua hii, kwa sababu shamba bado ni la kijani.

Hatua ya pili: mizizi inatuma habari. Mizizi ikigusa udongo mkavu, mmea unatengeneza homoni inayoitwa asidi ya abisisi, na habari inafika kwenye majani: fungeni vinywa. Wakati huo huo mmea unapunguza chakula cha majani na kupeleka sehemu kubwa zaidi kwa mizizi, ili itafute maji chini zaidi.

Hatua ya tatu: jani linakwepa jua. Tazama maharage saa sita mchana siku ya kiangazi. Utaona vipande vitatu vya jani vimesimama wima, ukingo wake ndio unaoelekea jua. Hilo si ugonjwa. Mmea unafanya kama mtu anayegeuza uso pembeni ili mwanga usimpige. Jani la mahindi na la mtama linajikunja kama mkeka kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya nne: jani linapata moto. Vinywa vikiwa vimefungwa, hakuna jasho la kupoza. Mwanga unaendelea kuingia, lakini hakuna hewa ya kaboni ya kuutumia. Mwanga huo uliozidi unaharibu rangi ya kijani, yaani klorofili, na jani linageuka njano, kuanzia majani ya zamani ya chini.

Hatua ya tano: mmea unatupa mizigo. Unaangusha majani ya chini, kisha maua, kisha maganda machanga. Hauna uwezo wa kulisha watoto wote, kwa hiyo unalisha wachache.

Hatua ya sita: mishipa inakatika. Maji yanapanda ndani ya mishipa myembamba kama kamba moja inayovutwa kutoka juu. Udongo ukikauka mno, kamba inavutwa kupita kiasi, na povu la hewa linaingia katikati na kuikata. Mishipa mingi ikikatika, hata ukimwaga bidoni nzima, maji hayafiki juu. Ndiyo maana mmea mwingine unamwagiliwa jioni na asubuhi umekufa. Aliyemwagilia hakuuua, alichelewa.

4. KILA ZAO NA TABIA YAKE

Maharage ni mtoto asiyevumilia. Mizizi yake mingi iko katika sentimita 20 hadi 30 za juu, pale pale panapokauka mbele. Vinundu vya mizizi, ambamo bakteria wanatengeneza mbolea kutoka hewani, navyo vinaacha kazi mapema udongo ukikauka. Lakini hatari kubwa ni wakati wa maua. Maharage mafupi yanachanua karibu siku 35 hadi 45 baada ya kupandwa, na milimani yanachelewa zaidi. Siku kumi bila mvua yakiwa bado madogo, yanaweza kupona. Siku kumi zile zile yakiwa katika maua, mavuno yanaanguka, hata kama mvua ikirudi na majani yakapendeza tena. Kwa hiyo mashamba mawili yanayopakana, moja lililopandwa mwisho wa Septemba na lingine katikati ya Oktoba, yanaweza kupata mavuno tofauti kabisa. Mvua ilikuwa moja. Ila ukame ulikuta moja katika maua na lingine bado.

Mahindi yana shida ya ndoa. Ua la kiume liko juu, na ndevu za kike ziko kwenye gunzi. Kwa kawaida vinatoka karibu siku moja. Ukame unachelewesha ndevu. Zikitoka, unga wa kiume umekwisha kupeperushwa, na gunzi linabaki na mapengo. Ukivuna mahindi yenye mapengo, jua kwamba kiu ilipita wakati wa kuchanua.

Muhogo ni mzee mwenye subira. Unafunga vinywa mapema, kabla hata majani hayajalegea. Unaangusha majani ya chini na kubaki na machache juu, unangoja. Mizizi yake inaweza kushuka hadi mita 2. Mvua ikirudi, unatumia akiba iliyo katika shina na mizizi kuota majani mapya. Ndiyo maana mihogo ikivunwa mara tu baada ya mvua za kwanza inakuwa ya maji, haina unga mwingi: akiba imepanda kwenye majani. Lakini hata mzee huyu ana utoto wake. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kupanda miti, ukame unaweza kumuua.

Hapa tunafika kwenye jambo la amani. Familia nyingi za deplase zinapewa shamba kwa kipindi kimoja tu, na mwenye shamba anakataza mihogo, maana inakaa ardhini miezi 9 hadi 18 na anaogopa kwamba aliyepanda hataondoka. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu mwenye akiba ndogo kuliko wote analazimika kupanda zao lenye kuogopa ukame kuliko yote, mara nyingi kwenye mteremko wenye mawe. Shamba lake likikauka mbele ya mengine, si uvivu, wala si laana.

5. ONYO: MIHOGO YA KIANGAZI

Hii sehemu tunaomba isomwe kwa sauti katika kila kikundi.

Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Wakati wa ukame, mmea unaongeza sumu hiyo katika mizizi. Kwa bahati mbaya, wakati huo huo ndipo njaa inatusukuma kuharakisha: mihogo iliyopaswa kukaa ndani ya maji siku tatu inatolewa baada ya siku moja. Mwili unaweza kupigana na sumu kidogo ukiwa na protini ya kutosha, lakini wakati wa ukame hakuna maharage wala samaki. Mambo haya matatu yakikutana, ugonjwa wa konzo unaweza kuingia.

Konzo inapiga ghafula. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na kukakamaa huko hakuponi. Inashika hasa watoto na wamama walio katika umri wa kuzaa. Jina linatoka kwa lugha ya Wayaka wa Kwango, nalo lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika juu yake huko Kwango mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali kule Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walilemaa. Na Kivu ya Kusini pia imekwisha kuiona. Konzo haiambukizi, na haitumwi na mtu. Anayelemaa anahitaji kupelekwa kituo cha afya, si kutafutiwa mchawi.

Tufanye hivi: tumenye mihogo, tuiloweshe ndani ya maji siku 3 kamili au zaidi hadi ilainike, na milimani penye baridi tuongeze siku, kisha tuikaushe juani vizuri. Kama unga umenunuliwa sokoni na hatujui uliandaliwaje, kuna njia nyingine rahisi. Weka unga ndani ya bakuli na utie alama ndani yake pale unga unapofika. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Tandaza unga huo uliolowa juu ya mkeka, unene usizidi sentimita 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Pika bugali siku hiyo hiyo. Na sombe tuitwange vizuri na kuichemsha muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

6. KABLA YA KUMSHITAKI JIRANI, SOMA SHAMBA

Katika kazi yetu na kamati za amani, tunawaomba wanakamati waende shambani pamoja na pande zote mbili, alfajiri, kabla ya kusikiliza mashitaka. Alfajiri ndiyo saa nzuri, kwa sababu usiku vinywa vya jani vinafungwa na mmea unapata nafasi ya kujijaza.

Kama mmea ulilegea saa sita na alfajiri umesimama, ni kiu ya mchana tu. Mizizi bado inapata maji. Kama umelegea hata alfajiri, na shamba zima liko hivyo, hasa penye udongo mwembamba, udongo umekauka. Chimba sentimita 20, ukamate udongo mkononi: ukimwagika kama vumbi, umepata jibu.

Kama mmea mmoja umekauka na majirani zake wazima, ung'oe. Pasua shina karibu na udongo. Ukikuta funza wadogo au shina limevimba na kupasuka, ni inzi wa maharage. Ukikuta mizizi myeusi iliyolainika, ni uozo wa mizizi. Mmea wenye kiu unashindwa na wadudu hao upesi kuliko mmea wenye nguvu.

Kama majani ya muhogo yamejikunja na yana mabaka ya njano, hiyo ni mozaiki. Inaletwa na miti ya kupanda yenye ugonjwa na inzi weupe, wala si ukame. Kama mimea imekauka kwenye mstari mmoja tu kando ya mikalatusi, tazama mizizi ya mikalatusi: inakunywa kutoka shimo moja na maharage yako. Hapo kuna la kuzungumza na mwenye miti, lakini ni mazungumzo ya mpaka, si ya sumu.

7. MAJI KIDOGO, MATUMIZI MEMA

Tufanye hesabu pamoja. Siku ya jua, shamba lililofunikwa na majani linaweza kupoteza maji ya kimo cha milimita 4 hadi 5. Bidoni moja ya lita 20 ikimwagwa kwenye mita 4 za mraba inatoa milimita 5, yaani kinywaji cha siku moja. Bustani ya lengalenga ya mita 20 za mraba itahitaji bidoni 5, lita 100, kila siku. Sasa tazama bomba la kambi. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 ni lita 90. Bustani moja ndogo inakunywa kuliko familia nzima! Ndiyo maana ugomvi kwenye bomba hauishi kwa kupiga kelele. Maji ya bomba yawe ya watu. Bustani ipate maji ya kuogea na kuoshea vyombo, yakimwagwa chini kwenye udongo, au maji ya mto kwa zamu.

Mambo mengine yanasaidia bila bidoni hata moja. Funika udongo kwa majani makavu na maganda ya maharage, jua lisiupige moja kwa moja. Palilia mapema, kwa maana magugu nayo yana vinywa. Mwagilia jioni au alfajiri, kwenye mizizi. Na ni heri maji mengi kila baada ya siku mbili tatu kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, maana kunyunyiza kunafundisha mizizi kubaki juu. Kama maji ni machache, yatunze kwa siku za maua. Panda kwa awamu mbili, zikiachana siku 10 au zaidi, ili ukame mmoja usikute shamba lote katika maua. Changanya mazao: maharage kwa ajili ya miezi mitatu, mihogo au viazi vitamu kwa ajili ya baadaye.

8. KUPATANA KABLA YA MBEGU

Mwenye shamba na mwenye kuazimwa wakae mbele ya chefu na mashahidi wawili, waandike mambo manne.

Kwanza, muda: kipindi kimoja, au miezi ya kutosha kwa mihogo? Pengine sehemu ndogo ya shamba iruhusiwe mihogo, kwa maandishi kwamba mihogo haimpi mtu ardhi, na tarehe ya mwisho ya kuvuna.

Pili, malipo. Mzigo uliokatwa mapema, kwa mfano ndoo tatu za maharage, unageuka deni mvua isiponyesha. Sehemu ya mavuno, kwa mfano moja kwa nne, inapanda na kushuka pamoja na mvua. Anayelipa kwa salongo naye ajue ni siku ngapi, na zisiwe zote wakati wa kupalilia kwake.

Tatu, bonde. Kuanzia Juni hadi Septemba, katika kipindi C, bonde ndilo lenye unyevu, na kila mtu analitaka. Kila upande upate mistari yake inayojulikana, na zamu ya mfereji iandikwe siku kwa siku.

Nne, hasara. Shamba likikauka, nani ataitwa kulitazama, kabla neno lolote halijasemwa kanisani, msikitini au sokoni? Majina ya watu hao yaandikwe siku ile ile ya kupatana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kipindi kilichopita, maharage yetu yalikuwa hatua gani mvua ilipokatika? Tuhesabu siku tangu tulipopanda.

2. Kuna mtu kati yetu aliyeshitakiwa kwa sababu ya shamba kukauka? Dalili alizoziona mwenye shamba zilikuwa zipi? Tungepima namna gani leo?

3. Mihogo tunailowesha siku ngapi? Nini kinatufanya tuharakishe, na kikundi kinaweza kusaidiaje familia inayoharakisha?

4. Wenye mashamba: ni hofu gani inatuzuia kuruhusu mihogo? Wenye kuazimwa: ni ahadi gani tunaweza kutoa na kuitimiza?

5. Nani katika kamati yetu ataitwa alfajiri kusoma shamba?

Viongozi wa vikundi, tunaomba somo hili lifundishwe shambani, si ndani ya hangari tu. Chukueni haragi moja lenye kiu na moja lililoshiba, myang'oe mbele ya watu, mtazame mizizi pamoja, mwenyeji na aliyekimbia vita. Udongo ule ule uko chini ya wote wawili, na wingu likikataa, linakataa juu ya wote. Mbegu za kipindi A zipandwe baada ya mapatano kuandikwa, si mbele yake.